Saa Tatu na Nusu

Niliwahi kuchelewa kumchukua mtoto wa watu chekechea, saa nzima, na mpaka leo nikikumbuka nasikia uso unapata moto.

Ilikuwa Januari 2015, mwezi wa tatu tangu nitue Hamburg. Nilikuja kwa mpango wa au-pair: unakaa na familia, unaangalia watoto wao, wao wanakupa chumba, chakula na hela ya mfukoni, ambayo siku zile ilikuwa euro 260 kwa mwezi. Kwenye makaratasi ya viza hiyo si kazi za ndani, ni kubadilishana utamaduni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi la kwangu nililikuta mlangoni limefungwa utepe.

Asubuhi ile mama mwenye nyumba alikuwa anakimbilia treni. Akageuka mlangoni akaniambia mdogo nimchukue "halb drei". Kijerumani changu kilikuwa cha A1, ngazi ya chini kabisa, cha kufaulia mtihani pale Upanga na kupatia viza. Halb ni nusu, drei ni tatu. Tatu na nusu. Na kwa kuwa nilishajifunza kwamba saa zao na zetu zinapishana kwa sita, nikajipongeza kichwani: tatu na nusu yao ni tisa na nusu yangu, alasiri. Saa tisa na nusu nikawa mlangoni, hata dakika moja haijazidi.

Nilimkuta mtoto kwenye benchi fupi la kuvulia viatu, koti limefungwa zipu mpaka kidevuni, mkoba mgongoni, kofia kichwani. Watoto wengine wote walishaondoka. Mwalimu alikuwa amekaa naye, na yeye kavaa koti. Alitazama saa ya ukutani, akanitazama mimi, akaitazama saa tena. Hakusema neno. Kwetu ningefokewa, ningeomba radhi, yangekwisha. Huku nilitazamwa tu.

Kumbe halb drei si tatu na nusu. Ni nusu ya kuelekea tatu, yaani saa nane na nusu mchana. Sisi tunaitaja saa iliyokwisha kuingia halafu tunaongeza nusu. Wao wanaitaja inayokuja na kusema iko nusu njiani. Jioni mama mwenye nyumba alibandika karatasi kwenye friji, kaandika kwa kalamu nene: 14:30. Hakuwa na ubaya, lakini kwa wiki mbili kila nilipofungua friji kuchukua maziwa nilikuwa nasoma ujinga wangu.

Nimeanza na hilo kwa sababu watu wakiniuliza Ulaya kugumu nini, wanategemea niseme baridi au ubaguzi. Vyote vipo. Baridi dawa yake ni koti, na ubaguzi sina hamu ya kuueleza leo. Kwangu mimi kigumu kilikuwa saa, na sijakimaliza.

Saa yetu ya Kiswahili ni ya watu wanaokaa karibu na ikweta. Sikuwahi kuliona hilo nikiwa nyumbani Lindi; samaki haoni maji. Jua linatoka, punde saa moja inaingia. Linazama, punde saa moja nyingine inaingia. Mwaka mzima linasogea kidogo tu, hata mtu asiye na saa hapotei. Sasa nenda nayo Hamburg. Desemba jua linatoka kwenye saa mbili na nusu asubuhi na kuzama saa kumi jioni. Hiyo "saa moja asubuhi" unayoitamka iko kwenye giza la usiku wa manane, taa za barabarani zinawaka, watoto wanakwenda shule na viakisi mwanga mgongoni. Juni ndiyo kiroja kabisa: saa tatu usiku jua linakuchoma shavu. Nilikuwa naongea na mama kwenye simu nikamwambia hapa ni saa tatu usiku nimekaa nje napunga upepo juani. Akanyamaza. Halafu akauliza taratibu, "Mwanangu, unalala vizuri?"

Ramadhani yangu ya kwanza ilianza tarehe 18 Juni 2015. Anayefunga Lindi anazoea saa 13 na ushei. Mimi nilifunga zaidi ya 18, nafuturu saa nne kasoro dakika chache usiku, nakula tende na maji na wali uliopoa, nageuza shingo, daku. Kati ya futari na daku hakuna nafasi hata ya kuosha vyombo. Msikiti huu ulikuwa na kalenda yake ya alfajiri na isha, ule nao na yake, kwa kuwa usiku wa Juni huku hauingii giza lote. Nilifuata ile iliyoniruhusu kunywa maji dakika 20 zaidi, Mungu anajua. Miaka ya karibuni Ramadhani imeangukia karibu na Machi na mchana wa Machi Hamburg unakaribiana na wa nyumbani, basi nafunga kama mtu.

Baada ya saa ni miadi. Wabongo tulioko huku tunaiita temini, kutoka Termin, na tumeshaipa ngeli kabisa: nina temini, temini zimejaa, amekosa temini. Daktari wa meno ni temini, kinyozi ni temini, kujiandikisha ofisi ya mtaa unapohama nyumba ni temini, na sheria inakutaka ujiandikishe ndani ya wiki mbili huku temini ya karibu iko baada ya wiki tano. Usiulize inawezekanaje. Unachapisha karatasi ya temini, unaiweka mkobani, ukiulizwa unaionyesha.

Mpaka rafiki ni temini. Mwanzoni nililia kwa hilo. Nilikuwa na mwenzangu darasa la lugha, Mjerumani aliyekuwa anatusaidia mazoezi ya kuongea, tukapatana sana. Siku moja nilipita mtaani kwao nikabonyeza kengele, kama mtu anavyopita kwa mwenzake. Alishuka mpaka mlango wa chini, akauliza kuna nini kimetokea. Nikasema hakuna, nimepita tu kukusalimia. Aliganda. Akanikaribisha, akanipa chai, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri niseme aliyekufa ni nani.

Nilimsimulia mama, akasema watu hao hawana utu. Kwa miaka mitatu minne nilikubaliana naye. Siku hizi sikubali. Ninafanya kazi ya zamu, wiki hii asubuhi, ijayo usiku. Ukitoka usiku unalala mchana, na katika miaka yote hii hakuna mtu aliyewahi kuniamsha na kengele ya "nilikuwa napita tu". Na yule rafiki, tukipanga Jumamosi baada ya wiki tatu, anakuja, kazima simu, na kwa saa nne yuko na mimi tu. Nyumbani watu wanakuja bila taarifa wakakaa nusu siku, nusu ya hiyo nusu wanatazama simu zao.

Mwaka 2022 nilikuwa likizo Lindi. Saa moja asubuhi nasikia "Hodi hodi wenyewe!" Binamu yangu, mtoto wa ba'mdogo, kaleta ming'oko, viazi pori vya kwetu, kwa sababu alisikia nimekuja. Ming'oko niliyoiota miaka. Na mdomo wangu, kabla sijautuma, ukasema, "Jamani, si angepiga simu kwanza?" Shangazi alikuwa anafagia dirishani. Akasimamisha ufagio, akapaza sauti kwa nyumba nzima: "Njooni, Mzungu ameamka!" Jina hilo lilinikaa mpaka napanda basi la kurudi Dar.

Jumapili nitaipitia haraka. Jumapili Ujerumani maduka yanafungwa na kelele hakuna. Mimi nilinunua kabati la vipande, nikapiga misumari mitatu, mitatu tu, Jumapili saa saba mchana. Jumatatu nikakuta karatasi kwenye lifti: "Jana ilikuwa JUMAPILI!" Hakukuwa na jina langu, ila jengo zima lilijua. Nilikasirika wiki nzima. Mwaka jana kuna kijana kahamia juu yangu akatoboa ukuta na drili Jumapili nikiwa nimetoka zamu ya usiku. Sitaki kusema ni nani aliyebandika karatasi safari hii.

Kazi yangu ni nyumba ya wazee. Baada ya mwaka wa au-pair nilijitolea mwaka mmoja, 2016 nikaingia mafunzo ya miaka mitatu, nikamaliza 2019. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ninapopata maneno mengi kutoka nyumbani. "Wazungu wanawatupa wazee wao." Nimeambiwa na wajomba, na dereva wa bajaji, na imamu, na mtu niliyekaa naye kiti kimoja kwenye basi kutoka Mbagala mpaka Lindi, kilomita zaidi ya 400, na alilirudia tukiwa Somanga.

Sasa mimi ninayewaosha hao waliotupwa niseme. Wapo waliotupwa. Yupo babu mmoja ambaye katika miaka mitano nimewaona watoto wake mara nne, na mara mbili kati ya hizo ni kwa ajili ya saini. Lakini yupo pia binti mmoja, mtu mzima mwenye mvi zake, anakuja kila Jumanne halb drei. Kila Jumanne. Anamkata mama yake kucha, anampaka losheni ya mikono, wanaimba nyimbo mbili tatu, anaondoka. Mwaka 2020, korona ilipofunga milango na ndugu wakazuiwa kuingia, alisimama nje bustanini kwenye mvua, Jumanne saa nane na nusu, anapunga mkono dirishani. Mama yake alishasahau huyo ni nani. Alinipiga kikumbo akaniambia, yule mwanamke wa watu analowa, mpe mwavuli.

Na nyumbani nimeona mzee kakalishwa barazani mchana kutwa, wajukuu wanamruka kama wanavyoruka kizingiti, kanzu ina mkojo wa jana, na kila anayepita anasema "Shikamoo babu" na kuendelea na safari zake. Kuzungukwa na watu si kutunzwa. Najua hili litaniletea maneno.

Kinachoniuma mimi huku si kwamba wazee wako kwenye nyumba. Ni kwamba matunzo yanapimwa na kuandikwa. Kumwosha mtu, kumgeuza, kumpa maji, kila kimoja kina kisanduku chake kwenye kompyuta, na tulifundishwa kwamba ambacho hakikuandikwa hakikufanyika. Hakuna kisanduku cha kukaa. Ukikaa kwenye kiti kando ya kitanda bila kufanya kitu chochote, umefanya kazi gani? Nami nasema hiyo ndiyo kazi.

Kuna bibi mmoja ana miaka zaidi ya 90. Kila chakula cha jioni anachukua kipande kimoja cha mkate, anakifunga kwenye leso ya karatasi, kona kwa kona, taratibu kama mtu anayefunga sambusa, anakiweka chini ya mto. Wafanyakazi wapya wanakitupa, naye asubuhi analia kilio cha mtoto. Nilimuuliza mwanawe. Akaniambia mama yake alikuwa msichana hapa hapa Hamburg baada ya vita. Mji ulikuwa umeshapigwa mabomu Julai 1943, halafu ikaja njaa ya baridi kali ya 1946 kuingia 1947. Mkate ulikuwa wa kadi, na kadi haikutosha. Kwake huo mwaka haujaisha. Siku hizi nikiwa zamu ya usiku nafanya hivi: natoa mkate uliokauka, naweka wa leo, nafunga kona kwa kona kama anavyofunga yeye. Kisanduku chake hakipo.

Huyo bibi ananiuliza saa usiku kucha. Saa ngapi? Saa nane. Treni ya Lübeck imeshaondoka? Bado, bibi. Basi nitangulie stesheni. Baada ya dakika tatu, saa ngapi?

Kuna jambo dogo lililonipa amani kazini. Nilipoanza, kumwita mtu wa miaka 90 kwa jina la ukoo, bila bibi, bila shikamoo, ulimi ulikataa. Hamburg wanasalimiana "Moin", asubuhi mpaka usiku, profesa na mfagiaji, mtoto na mkongwe, neno moja. Nikaona hapa adabu hamna. Kumbe shikamoo yao wameificha kwenye sarufi: kuna "wewe" ya rafiki na mtoto, du, na kuna "wewe" ya heshima, Sie. Kijana akimwambia mzee asiyemjua du bila kupewa ruhusa, ni sawa na wewe kumwambia baba mkwe "mambo vipi". Nilipolielewa hilo nikaanza kumwosha mtu huku namwambia Sie, Sie, na moyoni nasikia shikamoo, shikamoo.

Mama yangu yuko Lindi. Ana sukari, na magoti yamechoka. Mdogo wangu alikuwa na biashara yake ya vitenge Mtwara, inakwenda vizuri. Akaifunga, akarudi nyumbani kukaa na mama. Tulikaa kikao cha familia kwenye simu na wote wakaniona mimi ndiye ninayemtunza mama, kwa kuwa hela ya dawa, ya hospitali, ya binti wa kusaidia kufua, na ya salfa ya kupulizia mikorosho inatoka kwangu. Kwenye shughuli mimi ndiye ninayetajwa. Siku moja mdogo wangu akaniambia, bila hasira, yuko jikoni namsikia anakuna nazi: "Dada, wewe unatuma hela, mimi natuma mgongo." Sikuwa na jibu. Mimi nimesomea kumgeuza mzee kitandani bila kumuumiza na bila kujiumiza, nina cheti, na mwili niliousomea siugusi ila wiki nne kila baada ya miaka miwili. Nikamtumia mdogo wangu video ya namna ya kusimamisha mtu kwa kutumia magoti badala ya kiuno. Akajibu kwa kidole gumba.

Kwa hiyo mtu akiniambia Wazungu wanawatupa wazee wao, namwangalia. Wangu nimemweka mikononi mwa nani?

Kuhusu hela zenyewe, watu wanaona euro, hawaoni makato. Mshahara unakatwa kabla haujakufikia: kodi, pensheni, bima ya afya ambayo peke yake inaanzia asilimia 14.6, nusu unalipa wewe nusu mwajiri. Halafu kuna ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kila nyumba, uwe na televisheni usiwe nayo. Mimi sina. Nilimweleza kaka yangu akacheka mpaka akakohoa, kisha akaomba hela ya bodaboda. Sikatai kwamba ukiumwa unaona faida ya makato hayo. Nilifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo 2018, nikatoka hospitali nimelipa euro 10 kwa kila siku niliyolala, basi. Nyumbani tungeuza shamba.

Na hilo neno hela. Darasani mwalimu alituambia kila mmoja ataje maneno ya lugha yake. Nikasema "shule", nikiamini nawapa kitu cha kwetu. Darasa likacheka, kwani Schule ndilo neno lao. Nikaona aibu, nikasema la pili: "hela". Mwalimu, mzee anayependa sarafu za kale, akatabasamu na kuandika ubaoni: Heller. Wakati wa ukoloni wao kwetu, rupia iligawanywa katika heller 100. Wametuachia neno la shule na neno la fedha, na leo nimekuja kwao kwa ajili ya hivyo viwili. Nikakaa chini, la tatu sikulitaja.

Mwaka 2017 nilipata siku mbili za mapumziko nikapanda treni kwenda Berlin kumwona mjusi, yule dinosaria wa Tendaguru. Mtoto wa Lindi yeyote anamjua mjusi. Tumesomeshwa, tumesimuliwa, wabunge wamempigia kelele, na hakuna aliyemwona. Yupo kwenye Museum für Naturkunde, ukumbi wa mbele kabisa, humtafuti. Mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, huko bara ya Lindi, kati ya 1909 na 1913. Urefu wa kwenda juu ni zaidi ya mita 13. Nilirudi nyuma hatua kadhaa nikimtafuta kichwa.

Nilitegemea nitakasirika. Hasira ilikuja baadaye, kwenye treni. Pale ukumbini nilichosikia ni ile hali ya kukutana na mtu wa kwenu stendi ya ugenini, unataka kumuuliza umekuja lini na nani yuko nyumbani. Baba mmoja kambeba mwanawe begani, anamwonyesha: huyu anatoka Afrika. Nikataka kumgusa bega nimwambie, si Afrika bwana, Tendaguru, siku chache tu kwa miguu kutoka kwa bibi yangu. Maana hivyo ndivyo alivyosafiri. Hapakuwa na barabara, wala punda hawakudumu kwa mbung'o. Tani zaidi ya 200 za mifupa zilishuka mpaka bandari ya Lindi vichwani na mabegani mwa watu, safari kwa safari, maelfu ya safari. Kule juu msimamizi wa wachimbaji alikuwa mtu wa kwetu, Boheti bin Amrani. Wataalamu walikuja kumkumbuka 2007 walipompa mjusi mwingine wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii. Miaka 100 hivi baadaye, kwa Kilatini.

Watu wanabishana arudi au asirudi. Rais wao Frank-Walter Steinmeier alikwenda Songea mwezi Novemba 2023 akaomba msamaha kwa yaliyofanywa wakati wa Majimaji, na tangu hapo mjadala umepata moto upya. Mimi nataka arudi, ila nina swali la mtu wa zamu: nani atamfuta vumbi, kwa mshahara gani, na paa likivuja nani atapigiwa simu? Nikiuliza hivyo kwenye kundi letu la Wabongo naambiwa nimekuwa Mjerumani. Sijawa, hata karatasi zinakataa. Tangu tarehe 27 Juni 2024 sheria yao inaniruhusu kuchukua uraia wao bila kuacha wa kwangu. Ya kwetu haimruhusu mtu mzima kuwa na wa pili. Pasipoti yangu iko kwenye droo. Naisogeza nikitafuta mkasi.

Nirudi kwenye saa. Mara mbili kwa mwaka Wajerumani wanasogeza saa. Jumapili ya mwisho ya Machi wanaipeleka mbele, Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanairudisha nyuma, kwa hiyo majira ya joto tunapishana na nyumbani saa moja, baridi mbili. Mama nimemweleza mara nyingi. Swali lake halijabadilika: "Hiyo saa moja mnayoitoa mnaiweka wapi?"

Oktoba iliyopita zamu ya usiku huo iliniangukia mimi. Inapofika saa tisa usiku inakuwa saa nane tena, na ile saa unaifanya mara mbili. Tulishazoea kutaniana kwamba hiyo ndiyo saa ya kunywa kahawa. Korido ilikuwa kimya, mashine ya hewa ya chumba cha mwisho inahema. Nilikuwa nimeshabadilisha mkate. Saa ya ukutani hakuna aliyeigusa, inasubiri fundi wa Jumatatu, ilikuwa inasema saa kumi kasoro robo. Simu yangu ilijirekebisha yenyewe, ikasema saa tisa kasoro robo.

"Saa ngapi?" bibi akauliza.

Kabla sijafungua mdomo simu ikatikisika mfukoni. Ujumbe wa sauti. Lindi ilikuwa saa kumi na moja kasoro robo, adhana ya alfajiri nyuma yake, na mlango wetu wa mabati unakwaruza chini kama ulivyokuwa unakwaruza nilipokuwa mdogo. Mama alikuwa ameamka kuswali. Alisema korosho zimeanza kudondoka, mvua isije mapema, mdogo wako anakusalimia bado kalala. Halafu akavuta pumzi.

"Na huko sasa hivi saa ngapi, mwanangu?"

Nikakaa kwenye kiti kando ya kitanda.